Kuna Mama Anatusaidia

Wai, 1968

14 Juni
Mvua imeingia leo saa tisa alasiri bila kupiga hodi. Nguo zote zilikuwa kambani. Wifi Goda amekimbia kuzianua peke yake. Mimi nilikuwa dirishani natafuta neno la kuieleza mvua, na sikulipata.

17 Juni
Barua kutoka kwa mhariri wa jarida la Pune. Anataka hadithi ya toleo la Diwali, ifike kabla ya tarehe kumi Septemba. Kila mwaka ni hivi hivi: watu wanasoma hadithi zetu Oktoba huku wanatafuna vitafunio vya sikukuu, sisi waandishi tunazitafuta kwenye tope la Juni. Mwaka huu ameongeza sentensi moja: "Wasomaji wanaingoja sauti yako juu ya mabadiliko ya jamii." Nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilimsomea mume wangu Madhukar, naye akauliza kama sauti hiyo inaweza kubadilisha na chai yake, maana imepoa.

23 Juni
Mvua. Sijaandika kitu.

2 Julai
Nimepata hadithi, na nimeipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Wifi Godavari, dada mkubwa wa Madhukar, alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na tisa, akarudishwa hapa kwa baba yake. Mimi nilipoolewa nilimkuta jikoni, na mpaka leo yuko jikoni. Miaka thelathini na moja. Anapika, anahesabu nguo za dobi, na hadithi zangu zote ni yeye anayezinakili kabla ya kutumwa, kwa sababu mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Mhariri aliwahi kuusifu mwandiko wangu "mzuri wenye utulivu". Sikumsahihisha.

Hadithi ni hii. Ni sikukuu ya mungu mke Gauri, wanawake wenye waume wanakuja nyumbani kupakwa manjano na kunku, ule unga mwekundu, kwenye paji la uso. Mjane wa nyumba yuko jikoni, kwa sababu mjane hapakwi na hatakiwi kuonekana. Mke wa kaka yake anaingia, anamshika mkono, anamleta sebuleni na kumpaka kunku mbele ya wageni wote. Nililia nilipofika hapo. Nilijiona mtu mwema sana.

14 Julai
Nimezungumza kwenye maktaba ya mjini, kikao cha akina mama. Ukumbi ulijaa ingawa mvua ilikuwa inapiga bati hadi nikalazimika kupaza sauti. Nilisema, "Anayeandika juu ya mabadiliko hana budi kuanzia nyumbani kwake." Walipiga makofi. Wifi alikuwa amekaa nyuma kabisa, akilinda miavuli ya watu.

16 Julai
Maneno yangu yametoka kwenye gazeti la Satara. Wifi ameyakata kwa mkasi na kuyaweka ndani ya kitabu chake cha sala.

28 Julai
Mwezi wa Shravan umeanza, na kila siku ina mfungo wake na chakula chake. Nguo hazikauki. Tunazitandaza juu ya jiko la makaa na wote tunanuka moshi.

Hakimu mpya amehamia mjini na mkewe, Bi. Limaye. Wana mtoto wa kiume, mhandisi. Leo hekaluni Bi. Limaye alimtazama binti yangu Vidula kuanzia utosini hadi visiginoni, akauliza amesoma hadi wapi na nyota yake ni ipi. Kisha, tukishuka ngazi za mto, akanieleza habari za nyumba moja ya Nagpur ambako mjane alikaa mbele na wageni siku ya kunku. "Siku hizi watu hawana haya," alisema. Nikasema ndiyo, siku hizi. Hadithi yangu ilikuwa kwenye mkoba, ukurasa wa tisa.

9 Agosti
Wifi ameanza kunakili. Hukaa karibu na dirisha la jikoni baada ya vyombo, miwani imeteremka puani, na akifika mahali asipopapenda hukohoa. Leo alikohoa sana.

"Huyu mke wa kaka," alisema, "akishampaka mjane kunku, wageni wanafanya nini?"

Nikamwambia wanashangaa, halafu mmoja anaanza kulia, halafu wote.

"Wote?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Wanawake wa Wai hawalii kirahisi hivyo, wifi. Hawa wa kwako ni wa wapi?"

Nilikasirika kidogo. Akaendelea kuandika. Baadaye akauliza mjane amevaa nini. Nikasema sikufikiria.

"Lazima avae kitu cha maana. Siku kama hiyo mtu hatoki na nguo ya jikoni."

Ilikuwa kweli, nikaongeza mstari mmoja kuhusu sari. Nikaenda zangu nikiwaza kwamba wifi ana jicho la mwandishi, masikini, na nikaridhika na neno hilo "masikini".

18 Agosti
Mto umepanda hadi ngazi ya tatu. Wifi amefungua sanduku la marehemu mama yake na kutandaza sari za zamani juu ya vitanda zipate hewa. Nilimuuliza za nini. Akasema unyevu unakula hariri.

27 Agosti
Mungu Ganpati ameingia. Nyumba imejaa maua na sukari guru. Kurasa tatu za mwisho za hadithi bado hazijanakiliwa. Wifi amesema atamaliza baada ya Gauri, kwa sasa mikono yake ina unga.

30 Agosti
Gauri amefika. Vidula alichora nyayo nyekundu kuanzia mlango wa mbele hadi mahali pake, na mimi nikaiingiza sanamu ya mungu mke hatua kwa hatua nikiimba. Gauri ni mtoto wa kike aliyeolewa mbali, anakuja kwao kwa siku tatu, nasi tunampa kila anachopenda. Wifi alikuwa anatazama kutoka kwenye korido. Bi. Limaye ameleta habari kwamba kesho atakuja.

31 Agosti
Nitaandika ilivyokuwa bila kupamba. Nimepamba vya kutosha mwaka huu.

Wifi aliamka alfajiri. Alipika mboga kumi na sita zinazotakiwa, wali wa maziwa, na puranpoli arobaini, na kila moja alifunika dengu tamu kwa unga na kuisukuma mpaka ikawa nyembamba kama leso. Mimi nilipanga maua. Saa kumi wanawake wa mtaani walianza kuingia, miavuli ikarundikana mlangoni. Bi. Limaye alikuja wa mwisho, kama wakubwa wanavyokuja. Vidula alimwinamia vizuri. Nikampaka manjano, nikampaka kunku, nikamjazia upindo wa sari mchele na nazi. Alikula puranpoli mbili na kusema hajala laini namna ile tangu aondoke Nagpur. Moyo wangu ulikuwa unapanda. Nilikuwa nimekwisha kuiona harusi.

Ndipo nikamwona wifi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, si ndani, si nje. Alikuwa ameoga na kuchana nywele, na amevaa sari ya hariri ya rangi ya bilinganya, ya marehemu mama yake. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuambiwa zamu yake, anayesubiri tu kuitwa.

Nilielewa papo hapo. Kule kukohoa, lile swali la nguo, kile kipande cha gazeti. Alikuwa ameinakili hadithi kwa mkono wake na kuamini kwamba namwandalia siku. Na kwa nini asiamini? Ndivyo nilivyosema mbele ya ukumbi mzima.

Kopo la kunku lilikuwa mkononi mwangu. Kati yetu palikuwa na hatua sita.

Bi. Limaye akafuata macho yangu. "Yule nani?" akauliza.

Nikasema, "Kuna mama anatusaidia jikoni." Halafu nikapaza sauti kidogo: "Angalia maziwa yasimwagike."

Hapakuwa na maziwa motoni.

Wifi aliinamisha kichwa kama mfanyakazi aliyeelewa, akageuka, akaenda kuangalia maziwa. Wanawake wa mtaani wanamjua tangu wakiwa wasichana wa shule. Mmoja alicheza naye kombolela kwenye ua huu huu. Walitazama bangili zao. Vidula alikuwa na sinia la tambuu mkononi, na alinitazama kwa muda ambao sitausahau.

Gauri alikuwa palepale, amevikwa dhahabu yetu, mtoto wa kike aliyerudi kwao. Mtoto wa kike wa nyumba hii alikuwa nyuma ya ukuta. Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani. Ni sentensi nzuri sana, iko kwenye ukurasa wa saba wa hadithi yangu.

1 Septemba
Gauri ameondoka. Wifi alitupikia kama kawaida, amevaa nguo yake ya buluu iliyopauka. Hajaniita wifi. Hajaniita kwa jina lolote.

2 Septemba
Nimemweleza Madhukar. Alikunja gazeti, akasema juu ya dada yake, "Akka amezoea." Nilimchukia kwa sababu ndicho nilichokuwa nimejiambia asubuhi.

3 Septemba
Leo niliingia jikoni na kopo la kunku. Vidula yuko shuleni, Madhukar ofisini. Nilifunga mlango. Nikamwambia wifi kwamba nimekosa, nikafungua kopo, nikachovya kidole na kukiinua.

Alikuwa anamenya vitunguu. Hakurudi nyuma. Alikitazama kidole changu chekundu.

"Humu ndani?" aliuliza. "Humu mimi si mjane. Mjane ni huko mbele, kwenye watu."

Nikasimama na kidole hewani. Mwishowe nikakifuta kwenye sari yangu na doa limekataa kutoka.

8 Septemba
Wifi amemaliza kunakili. Aliniletea bahasha imeshafungwa, akauliza kama nataka kusoma kabla ya kutuma. Nilisema hapana. Ningeisoma kwa macho gani? Ile sehemu ya kushikana mikono, wanawake wote wanalia? Nilimwambia ampe mtu wa posta. Mvua ilikuwa inanyesha, akaifunika bahasha kwa upindo wa sari yake.

19 Septemba
Mvua inaaga. Bi. Limaye ameomba nakala ya nyota ya Vidula. Nilipaswa kufurahi. Vidula amesema, "Mpelekee, mama. Na umwambie tuna mpishi mzuri." Nilitaka kumpiga, nikaenda kukaa kwenye veranda.

Nimeanza kumtazama wifi. Zamani nilimwona tu. Anaimba akisaga masala, na anaacha nikiingia. Kwenye rafu yake ya viungo kuna vitabu sita, vitatu ni vyangu, na pembezoni ameandika kwa penseli. Kwenye hadithi yangu ya kwanza, pale shujaa anapotoa hotuba kwa wanakijiji, ameandika: *Na chakula chao nani aliwapikia?*

15 Oktoba
Barua ya mhariri. Naiandika hapa ilivyo:

"Nikiri kwamba nilipoanza kusoma nilijua mwisho utakuwaje. Tumesoma wajane wengi wa kupakwa kunku. Nilipofika pale mke wa kaka anapofungua kinywa, niliweka karatasi chini. Hujawahi kuandika kwa ukweli namna hii. Tumeiweka ya kwanza kwenye toleo."

Sikuelewa. Jarida lilikuwa kwenye kifurushi kimoja na barua. Nilisoma nimesimama. Maneno yote ni yangu mpaka mwisho wa ukurasa wangu wa kumi. Halafu:

"Mke wa kaka alikuwa na kopo la kunku mkononi. Mgeni akauliza yule ni nani. Akasema: Kuna mama anatusaidia jikoni. Angalia maziwa yasimwagike. Mjane alikwenda. Hapakuwa na maziwa. Hakuna aliyelia."

Basi. Chini yake jina langu, kwa herufi nene.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yamemwagika katika nakala elfu kadhaa, kuanzia Mumbai hadi Nagpur.

16 Oktoba
Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Kilichotoka ni hiki: "Umeibadilisha hadithi yangu."

"Mimi ni mnakili," alisema. "Maneno ni ya kwako. Nimeyaandika tu kwa mwandiko mzuri."

Nikamwambia angeniuliza. Akasema aliniuliza kama nataka kusoma, nikasema hapana. Ni kweli. Nikamwuliza kama ana hasira. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa dirishani.

"Hasira nilikuwa nayo Septemba. Sasa nataka tu nione kama unaweza kuandika."

20 Oktoba
Barua kumi na moja za wasomaji. Mwalimu mmoja wa Kolhapur anasema nina ujasiri wa kuwasema wanafiki. Nimezificha zote chini ya godoro.

Maktaba wamenialika tarehe ishirini na saba niwasomee hadithi. Mgeni wa heshima ni mke wa hakimu.

21 Oktoba
Diwali. Taa, mafuta, fataki. Madhukar ananishauri nisome hadithi nyingine, ile ya kisima, watu wanaipenda. Anasema mambo ya Vidula na Limaye yamefika pazuri, ya nini kuchokoza. Vidula alikuwa anasikia. Akasema, "Ukisoma ya kisima, mama, mimi siji."

24 Oktoba
Nimechagua ya kisima.

26 Oktoba
Nimechagua tena ya kisima.

27 Oktoba
Nilikuwa na zote mbili kwenye mkoba. Wifi hakuja. Alisema magoti yanamsumbua.

Wanawake wa mtaani walikaa mstari wa tatu. Bi. Limaye alikuwa mbele na shada la maua shingoni. Nilifungua mkoba, na mkono ukatoa jarida. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Niliona tu kwamba Vidula amekaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, pale wifi alipokaa Julai.

Nilisoma. Mvua imekwisha, bati lilikuwa kimya, hapakuwa na mahali pa kujificha. Nilipofika kwenye kopo la kunku wanawake wa mstari wa tatu waliinama kutazama bangili zao, vilevile kama siku ile. Nilisoma sentensi zile za mwisho kwa sauti ambayo sikuitambua. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, nikamwomba asubiri.

"Mwisho huu sikuuandika mimi," nikasema. "Umeandikwa na Godavari, dada wa mume wangu. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Mwenye kopo nilikuwa mimi. Mwandiko anaousifu mhariri ni wake pia."

Hakuna aliyelia. Wifi alikuwa amesema kweli kuhusu wanawake wa Wai.

Baadaye Bi. Limaye alinijia karibu na meza ya chai. Hakuwa mkali. "Mimi kweli nilidhani ni mpishi," alisema. "Nilikuwa nakusudia kukuomba uniazime yeye kwa siku moja." Akaweka kikombe chini bila kunywa, akaondoka. Habari za Vidula hakuzitaja. Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na binti yangu, na njia nzima hakuniachia mkono, lakini hakusema kwamba amenisamehe.

Wifi alikuwa amepasha chakula.

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Na nikawaambia ni wa nani."

Akataka kujua nani na nani walikuwepo. Nikamtajia mmoja mmoja, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliitikia kwa kichwa kila jina. Nilipomtaja yule wa kombolela, aliacha kukoroga kwa muda mfupi. Kisha akapakua wali.

"Mwakani Gauri akija," alisema, "utapika wewe. Zote kumi na sita, na puranpoli. Mimi nitakaa sebuleni, na wewe utanipaka mbele yao."

Sijui kupika puranpoli. Zangu hupasuka. Nikasema ndiyo, nitapika, nitakupaka, nilisema haraka kabla hajamaliza. Halafu nikaona mahali tulipokuwa tumesimama. Tulikuwa jikoni, wawili tu, na jikoni sijawahi kushindwa kuwa mtu mwema.